Kutu: Kwa nini chuma huliwa, na metali gani hukilinda

MABATI mawili yanaweza kutoka kiwanda kimoja, siku moja na kwa bei moja. Moja likaezekwa Nakuru, jingine likaezekwa Likoni, hatua chache kutoka ufuoni. Miaka michache baadaye lile la Nakuru bado linang'aa, ilhali la Likoni limekwisha kugeuka jekundu kuanzia kwenye matundu ya misumari, na mwenye nyumba hulazimika kuweka beseni sebuleni kila mvua inyeshapo. Aghalabu lawama humwendea fundi au muuzaji. Huenda wawili hao wana makosa yao, lakini kisa chenyewe huanza mbali zaidi, katika tabia ya metali zenyewe.

Kutu si uchafu unaotoka nje na kukigandama chuma. Wala si uzee. Ni kitu kipya kinachozaliwa chuma kinapoungana na oksijeni ya hewani mbele ya maji. Wanakemia hukiita oksidi ya chuma iliyofungamana na maji. Kitu hicho ni chekechevu, hakina nguvu, na humomonyoka upesi na kufichua chuma kingine chini yake, nacho kikaliwa vivyo hivyo hadi kiishe.

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma, isipokuwa kile kichache kilichoanguka kutoka angani kama kimondo. Kinachochimbwa ni mawe na udongo mwekundu au mweusi, ambamo chuma tayari kimeshikana na oksijeni. Kwa hivyo mchimbaji huchimba kitu kinachokaribiana sana na kutu, na kutu ni chuma kikirejea kwao.

Wahunzi wa zamani waliifahamu safari hiyo kwa vitendo kabla haijaandikwa vitabuni. Wasamia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, walisifika kwa majembe waliyofua kutokana na mawe ya vilima vyao. Mnamo 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma. Siri ya tanuri za aina hiyo ni makaa. Yakiungua kwa hewa haba, makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo gesi hiyo huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Huinyakua kutoka kwenye mawe, na chuma kikabaki peke yake.

Mabadiliko haya mawili, chuma kuungana na oksijeni na chuma kuachana nayo, ndiyo mfano mkongwe wa kile kinachoitwa oksidisheni na ridaksheni. Siku hizi maana ya maneno hayo imepanuka. Kila atomu ina chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Atomu ikipoteza elektroni, imepata oksidisheni. Ikipokea, imepata ridaksheni. Hakuna anayetoa pasipo wa kupokea, na kwa sababu hiyo mambo haya mawili hutokea pamoja daima na huitwa kwa jina moja, ridoksi. Chuma kinaposhika kutu, kila atomu yake hutoa elektroni mbili, kisha baadaye ya tatu. Oksijeni ndiyo inayozipokea.

Nani mkali, nani mpole

Metali hazilingani katika wepesi wa kutoa elektroni. Zikipangwa kuanzia ile iliyo kali zaidi hadi iliyo pole kabisa, zile zinazojulikana na wengi hufuatana hivi: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, bati, risasi, shaba, fedha, zebaki, dhahabu na platini. Potasiamu huwaka moto ikitupwa majini. Dhahabu hukaa kaburini karne nyingi na kufukuliwa iking'aa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wafalme waipende.

Mpangilio huo una kanuni moja rahisi. Metali kali ikikutana na metali pole iliyokwisha kupoteza elektroni zake, ile kali humpa mwenzake elektroni na kuchukua nafasi yake. Jambo hili laweza kuonekana kwa macho. Msumari safi ukitumbukizwa katika maji yaliyoyeyushiwa mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, baada ya muda hujivika utando mwekundu wa shaba, na rangi ya buluu ya maji hufifia. Chuma kimeingia majini, shaba imetoka.

Mkulima wa kahawa ana sababu ya kuifahamu kanuni hiyo. Dawa ya ukungu inayotengenezwa kwa mrututu na chokaa haifai kuchanganyiwa ndani ya ndoo ya chuma au ya bati. Ndoo itatoboka, na shaba iliyokusudiwa kuyalinda majani itabaki imeganda kwenye kuta za ndoo. Pipa la plastiki au la mbao ndilo linalofaa.

Aluminiamu huwatatiza wanafunzi wengi, nao wana haki ya kutatizika. Ikiwa ni kali kuliko chuma, mbona sufuria haziliwi na kutu? Jibu ni kwamba aluminiamu huungana na oksijeni upesi sana, lakini oksidi yake haimomonyoki. Hujitanda juu ya metali kama ngozi nyembamba isiyopenyeka, na hewa haipati tena njia. Ngozi hiyo ina udhaifu wake: haistahimili magadi wala soda kali. Mpishi anayetia magadi katika maharagwe ili yaive upesi huiona sufuria ikigeuka nyeusi. Ngozi hiyo ikiondolewa, ukali wa aluminiamu hudhihirika. Mjerumani Hans Goldschmidt alipata hataza mwaka 1895 ya kuchanganya unga wa aluminiamu na oksidi ya chuma na kuuwasha. Aluminiamu hupokonya oksijeni kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, na chuma hutiririka kama maji. Njia hiyo ingali inatumika duniani kuunganisha reli.

Tone la maji kama betri

Katika maabara za shule za upili, wanafunzi huweka misumari katika neli nne za kioo. Ya kwanza ina hewa iliyokaushwa. Ya pili ina maji yaliyochemshwa hadi hewa ikatoka, kisha yakafunikwa kwa mafuta. Ya tatu ina maji ya kawaida na hewa, na ya nne maji ya chumvi na hewa. Baada ya wiki moja, msumari wa kwanza na wa pili huwa haujabadilika, wa tatu umeshika kutu, na wa nne umeshika zaidi. Hewa peke yake haitoshi, wala maji peke yake.

Tone la maji likitua juu ya chuma hufanya kazi kama betri ndogo. Katikati ya tone, ambako oksijeni haifiki kwa wingi, chuma huyeyuka na kuacha elektroni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi ukingoni mwa tone, ambako oksijeni inazisubiri. Kutu yenyewe huganda baina ya sehemu hizo mbili. Kwa sababu hiyo shimo huchimbika chini ya doa lenyewe, mahali ambapo jicho halioni.

Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na betri ile ndogo ikafanya kazi kwa kasi zaidi. Isitoshe, upepo wa kusi na wa kaskazi huibeba chumvi hadi paani, na chumvi ikishatua huvuta unyevu wa hewani, kama ajuavyo kila aliyewahi kuacha kikopo cha chumvi wazi mjini Mombasa. Bati la Likoni kwa hivyo hulowa hata usiku usio na mvua. La Nakuru hukauka.

Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji, betri huwa kubwa zaidi, na mlaliwa ni ile kali. Wazungu walijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika sehemu ya chini ya manowari HMS Alarm kwa mabamba ya shaba ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa baada ya safari ya West Indies, misumari ya chuma iliyoyashikilia mabamba ilikuwa imeoza, na mabamba yakawa yameanza kubanduka. Palipokuwa na misumari mizima, paligunduliwa jambo dogo: karatasi ya kahawia iliyofungiwa shaba haikuwa imeondolewa. Karatasi hiyo ilizuia chuma kugusa shaba. Kwa upande wake, mtepe wa Waswahili ulioshonwa kwa kamba za makumbi haukuwa na shida hiyo, kwani haukuwa na msumari hata mmoja.

Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliligeuza balaa hilo kuwa kinga mwaka 1824. Aliwaza kwamba ikiwa shaba huifanya metali kali zaidi iliwe, basi metali kali inaweza kuwekwa makusudi ili iliwe badala ya shaba. Vipande vya chuma na zinki vilivyofungwa kwenye shaba ya meli viliilinda barabara. Matokeo yake hata hivyo yalileta kichekesho. Shaba inayoyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa chaza na mwani. Ilipoacha kuyeyuka, viumbe hao walijazana chini ya meli na kuipunguzia mwendo. Meli za siku hizi zina mwili wa chuma, na hufungiwa mapande ya zinki karibu na rafadha. Mapande hayo yakiisha hubadilishwa. Mabomba ya mafuta yaliyozikwa ardhini hulindwa kwa njia iyo hiyo au kwa kupelekewa mkondo mdogo wa umeme. Hata hita nyingi za maji majumbani zina ufito wa magnesiamu ndani yake, ambao wenye nyumba wengi hawajui kuwa upo hadi tangi linapotoboka.

Mabati si bati

Jina mabati limewapotosha wengi. Bati ni metali nyingine kabisa, ile inayopakwa ndani ya mikebe ya vyakula. Kilicho juu ya paa ni chuma kilichovikwa zinki. Tofauti hii si ya maneno tu. Tazama tena mpangilio: zinki iko juu ya chuma, bati liko chini yake. Mkebe uliovikwa bati hudumu maadamu haujakwaruzwa. Ukikwaruzwa, chuma kilicho wazi huwa ndicho kikali kati ya hizo mbili, nacho huliwa haraka kuliko ambavyo kingeliwa pasipo bati. Lakini bati la paa likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo ndiyo inayotoa elektroni. Hujitoa mhanga. Chuma husalimika hadi zinki ya karibu ikwishe.

Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya karatasi za chuma zenye migongo mwaka 1829, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata ya kuvika chuma zinki mwaka 1837. Chuma husafishwa kwa asidi kisha huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi. Fikra hizo mbili zilipokutana, paa la dunia lilibadilika, na makuti yakaanza kurudi nyuma.

Hapa ndipo mnunuzi hupunjika. Madukani huuliza geji, na muuzaji humjibu kwa geji. Geji hueleza unene wa bamba. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo bati lilivyo jembamba, kwa hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 32. Geji haisemi lolote kuhusu zinki. Kiasi cha zinki huandikwa kwa herufi Z na nambari inayoonyesha gramu katika kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati la Z275 lina zinki ya unene wa takriban milimita 0.02 kila upande. La Z100 lina milimita 0.007 pekee. Kwa macho, mabati hayo mawili yanafanana kabisa, na yote huanza yakiwa yanang'aa. Kwa kuwa zinki huisha kidogo kidogo, unene huo ndio umri wa paa. Anayejenga Pwani na kuuliza geji peke yake amesahau swali lililo kubwa.

Yapo pia mabati yaliyovikwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki takriban asilimia 43 na silikoni kidogo. Haya huandikwa AZ. Aluminiamu huleta ile ngozi yake, zinki huleta moyo wa kujitolea, ingawa kwenye kingo zilizokatwa kinga yake si imara kama ya zinki tupu.

Zaidi ya hayo, mengi huharibika kabla ya nyumba kukamilika. Mabati yaliyolundikwa yakiwa na maji katikati hushika unga mweupe, ambao ni zinki ikiliwa bure. Saruji mbichi ikidondoka paani ioshwe siku hiyo hiyo. Chembe za moto za mashine ya kukatia chuma huganda juu ya bati na kuwa vitovu vya kutu, na ni afadhali kukata kwa mkasi. Maji yanayovuja kutoka kwenye mabomba ya shaba ya hita ya jua yasiachwe yatiririke juu ya mabati, kwani hubeba shaba, na kisa cha mrututu na msumari hujirudia paani. Misumari nayo iwe imevikwa zinki.

Nondo ndani ya zege

Paa likitoboka mvua humwarifu mwenye nyumba. Nguzo haisemi. Ndani ya zege, nondo hulindwa na ukali wa saruji, ambao huijengea ngozi nyembamba inayofanana na ile ya aluminiamu. Chumvi ndiyo huipasua ngozi hiyo. Mchanga wa ufuoni usiooshwa, au maji ya kisima cha chumvi, huiweka chumvi hiyo ndani ya nguzo tangu siku ya kwanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilimotoka, kuanzia mara mbili hadi mara sita, kwa hivyo nondo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ishara yake ni ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye michirizi ya kahawia. Kuuziba kwa plasta na kupaka rangi ni kukificha kikulacho nguoni. Zege lililolegea linapaswa kuondolewa na mhandisi aitazame nondo yenyewe.

Madhara ya kutofanya hivyo kwa chuma chochote kinachobeba mzigo yalionekana Marekani tarehe 15 Desemba 1967. Daraja la Silver Bridge, lililovuka mto Ohio, lilianguka jioni wakati magari yalikuwa yamejaa juu yake. Watu 46 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufito mmoja ulikuwa umepata ufa wa takriban milimita 2.5, uliokuzwa na mzigo na kuliwa kwa chuma, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kulifungua daraja.

Kwa vyuma vya kawaida, kama vile malango, madirisha na panga, kinga ni kuitenga hewa na maji. Panga lililofutwa na kupakwa mafuta baada ya kazi hudumu. Lango lililopakwa rangi juu ya kutu haliwi salama, kwa kuwa kutu ile hushika unyevu chini ya rangi. Ni lazima ipigwe brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, ndipo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ifuate siku iyo hiyo. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikipata mwaka 1913, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo hukijengea ngozi inayojiponya ikikwaruzwa. Bei yake ndiyo humzuia mwananchi kukitumia kuezeka.

Liko jambo ambalo mafundi wanaochomelea matangi hawalisikii vya kutosha. Kutu hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa kwa majuma likiwa na unyevu, oksijeni hiyo yaweza kupungua hadi kiwango cha kumwangusha mtu baada ya pumzi chache, bila harufu wala onyo. Mwaka 2007, mabaharia 3 wa meli ya Viking Islay walikufa katika Bahari ya Kaskazini kwa sababu hiyo, ndani ya chumba cha mnyororo wa nanga. Wa kwanza walipoanguka, mwingine aliingia kuwaokoa. Tangi la aina hiyo lapaswa kufunguliwa na kupulizwa hewa, na hewa hiyo kupimwa, kabla ya mtu yeyote kuingia.

Kwa chuma kilichokwisha kuzama baharini, kazi huwa ya kurudisha nyuma yote yaliyoelezwa. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1697, ngome hiyo ikiwa imezingirwa. Wapiga mbizi waliifukua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vingi vimehifadhiwa humo ngomeni. Chuma kilichokaa majini kwa muda kama huo kimejaa chumvi hadi kiini. Kikianikwa juani tu, hupasuka na kubomoka vipande. Wahifadhi hukilaza katika maji yenye magadi au soda kali, na mara nyingi hukipitishia mkondo mdogo wa umeme unaokirudishia elektroni, huku chumvi ikitoka polepole. Maji hupimwa na kubadilishwa mara kwa mara hadi yasionyeshe chumvi tena. Kwa mzinga mmoja, kazi hiyo huweza kuchukua miaka.